Taya la Korongoni: uchambuzi wa kisa cha mawe na visukuku shambani

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea kwenye shamba la familia moja magharibi mwa Kenya, katika ukanda wa miwa ulio chini ya vilima vya Tinderet. Nilikifuatilia kwa karibu kwa sababu kazi yangu ni kuwasaidia walimu na wakulima kutambua mawe na visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale, wanavyoviokota. Majina ya wahusika yameachwa, kijiji hakitajwi, na mambo machache ya kifamilia yamebadilishwa ili wasitambulike. Wenyewe wameridhia kiandikwe. Nakiandika kwa ajili ya kila mwenye shamba ambaye hawezi kulipita jiwe lenye sura ngeni bila kuinama.

Usuli

Mwenye shamba ni mzee aliyestaafu kazi ya kiwandani. Ana ekari chache za miwa, mahindi na malisho ya ng'ombe wawili watatu. Upande wa chini wa shamba kuna korongo ambalo kila msimu wa mvua ndefu hula kipande kingine cha ardhi. Tangu astaafu, Mzee amekuwa na desturi ya kushuka korongoni jioni na kurudi na jiwe mfukoni. Kibarazani kwake palikuwa na karai kubwa la kuchanganyia saruji, limejaa pomoni, na mikebe ya Kimbo iliyojaa vipande vidogo.

Niliukuta mkusanyiko wenyewe kuwa mzuri kwelikweli. Mlikuwa na mawe magumu ya kijivu ya volkano, yale ambayo ukiyagonga kwa nyundo hulia kama kengele. Mlikuwa na vipande vyeupe vya kwatzi, na konokono waliogeuka jiwe, gamba zima likiwa limejaa ndani chokaa ngumu. Mlikuwa na vibamba vyeusi vya madini ya ulanga (mica), vinavyometameta. Na mlikuwa na kipande kimoja cha kioo cheusi cha volkano, kidogo kuliko kidole gumba, chenye ukingo uliochongwa. Kioo cha namna hiyo hakipatikani kwenye miamba ya eneo hilo. Hutoka mbali, kwenye Bonde la Ufa upande wa Naivasha. Ina maana kuna mtu wa zamani aliyekibeba, au aliyekipata kwa kubadilishana na wengine, akakifanya kisu. Nilimuuliza Mzee alikiokota wapi. Akafikiri kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kule juu, karibu na ule mti uliokatwa. Au chini kidogo." Hapo ndipo habari za kile kisu zilipokomea.

Inafaa kujua kwa nini mabaki ya kale hupatikana sana pande hizo. Tinderet ilikuwa volkano kubwa, na majivu yake yalikuwa na chokaa nyingi isivyo kawaida. Katika udongo wenye asidi, mfupa huoza ukaisha. Katika majivu yale, mifupa, magamba ya konokono na hata mbegu vilihifadhika. Ndiyo maana Koru, Songhor na Fort Ternan ni majina yanayojulikana na wanasayansi duniani kote. Tena mara mbili habari zilianzia shambani. Mwaka 1926 daktari mlowezi aliyeitwa Gordon aliona mifupa kwenye mawe ya chokaa yaliyochimbwa kwake Koru. Mtaalamu Arthur Hopwood alikuja kutoka Uingereza mwaka 1931, na mwaka 1933 akampa jina nyani wa kale asiye na mkia: Proconsul africanus. Baadaye, huko Fort Ternan, mwenye shamba Fred Wicker aliona mifupa kwake na kumjulisha mtafiti wa mabaki ya kale, Louis Leakey. Kiumbe kilichotangazwa mwaka 1962 kutokana na machimbo hayo kikaitwa Kenyapithecus wickeri, kwa heshima yake. Familia ya kisa hiki haikujua lolote kati ya haya, ingawa imeishi hapo vizazi vitatu.

Mfuatano wa matukio

Asubuhi moja baada ya usiku wa mvua kubwa, mjukuu wa Mzee, msichana wa shule ya msingi, alishuka korongoni kumtafuta ndama. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa umemomonyoka. Chini palilala vipande vitatu vya rangi ya chai kavu, na kimoja kilikuwa na meno manne yaliyopangana, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Juu kidogo, ndani ya mwamba wa majivu, kipande cha nne kilikuwa kimechungulia.

Akamwita babu yake. Mzee aliviokota vile vitatu, akajaribu kung'oa cha nne kwa ncha ya panga, kikagoma.

"Kiache hicho kisivunjike," akamwambia mjukuu. "Tutakirudia na patasi."

Msichana akachomeka kijiti mahali pale. Akatoa daftari lake la hesabu, akachora ukuta wa korongo: tabaka la udongo mwekundu juu, tabaka la kijivu lenye vimetameta katikati, tabaka gumu chini, na alama ya msalaba mahali penye mfupa. Akapima kwa shubiri kutoka mzizi wa mti hadi kwenye kijiti. Hakuna aliyemwagiza. Alisema baadaye kwamba mwalimu wao wa sayansi huwaambia wachore kila wanachokiona.

Nyumbani, Mzee alivisafisha vipande vitatu jinsi alivyozoea kusafisha mawe yake. Alivisugua kwa brashi ya waya, kisha akavitia katika bakuli la siki ili chokaa ing'oke. Siki ikatoa povu.

"Babu, hilo povu linatoka kwenye mawe au kwenye mfupa?" msichana akauliza.

Swali zuri sana, na jibu lake lilikuwa: kwenye vyote viwili. Kipande kimoja kilikaa humo usiku kucha. Kilipokauka, Mzee alikipaka vanishi ya mbao ili kipendeze.

Siku ya pili picha zilitumwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia. Mjomba mmoja akazipeleka kwenye kikundi cha kijiji, pamoja na ramani ya simu inayoonyesha mahali penyewe. Katika picha moja tabaka la kijivu lilikuwa linametameta juani. Kufikia jioni habari zilikuwa zimegeuka: Mzee amepata dhahabu. Dalali mmoja wa mjini akapiga simu akitaka "mzigo wote" bila hata kuuona. Usiku wa tatu vijana wasiojulikana walishuka korongoni na sururu, wakachimba shimo la kimo cha mtu hatua chache kutoka kwenye kijiti. Waliondoka na magunia ya ulanga.

Mwalimu wa Jiografia wa shule ya sekondari jirani aliziona picha, akamtembelea Mzee, kisha akanipigia simu. Niliongea na Mzee siku hiyohiyo. Nilimwomba asiendelee kusafisha, asichimbe, na avitenge vile vipande vitatu na karai lake.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi mgumu kuliko yote ulikuwa wa kutoa taarifa. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale cha namna hii atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, akieleza mahali na mazingira ya ugunduzi. Mzee alilisikia hilo kwa utulivu. Mtoto wake mkubwa hakutulia. Hofu yake ilikuwa moja, na ndiyo ninayokutana nayo karibu kila mahali: serikali itachukua shamba. Akataka jambo lingoje kikao cha familia, ambacho kingefanyika baada ya majuma mawili.

Hofu hii inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu historia ya ardhi katika nchi hii inaijengea msingi. Tulimweleza mambo kama yalivyo. Mabaki ya kale yaliyomo ardhini ni mali ya umma, hilo halifichiki. Lakini kuokota taya hakuhamishi hati ya ardhi. Serikali ikitaka kulitangaza eneo kuwa la kuhifadhiwa, huo ni utaratibu mwingine, wenye tangazo katika Gazeti Rasmi na nafasi ya mwenye ardhi kuwasilisha pingamizi. Mtoto alisikiliza, lakini hakushawishika.

Aliyekata shauri ni Nyanya, mke wa Mzee, asubuhi ile shimo la vijana lilipoonekana. Alisimama ukingoni akalitazama, akasema, "Tukingoja kikao, kitakachojadiliwa kitakuwa shimo." Siku hiyo walikwenda kwa Chifu. Mwalimu akawasaidia kuandika barua ya taarifa, wakaambatanisha nakala ya mchoro wa msichana na picha. Siku 7 zilikuwa hazijaisha.

Dalali walimkataa. Mzee aliniambia sababu yake, na sheria haikuwa ndani yake: "Anataka kununua kitu asichokijua. Mtu wa hivyo ataniuzia na mimi nisichokijua." Sheria nayo inakataza kupeleka vitu hivi nje ya nchi bila kibali, na mtu anayenunua bila kuona mara nyingi ana mnunuzi wa ng'ambo nyuma yake.

Uamuzi wa mwisho ulihusu kipande cha nne. Mvua zilikuwa zinaendelea na ukuta ungeweza kuanguka tena. Je, kitolewe haraka au kiachwe? Ushauri wangu ulikuwa kiachwe, lakini kilindwe. Walichimba mfereji mdogo juu ya korongo ili maji yapite kando. Waliegemeza magunia ya mchanga ukutani, wakatandaza juu yake bati lililozuiwa kwa mawe. Miiba ikawekwa kuzunguka. Kazi yote iliwachukua asubuhi moja na haikuwagharimu kitu. Chifu akawaonya vijana barazani, bila kumtaja mtu.

Matokeo

Mtaalamu wa visukuku alifika mvua zilipopungua. Alitumia mchoro wa daftari kulitafuta tabaka, akalikuta jinsi lilivyochorwa. Alifukua pembezoni mwa mfupa kwa sindano na brashi laini, akadondoshea gundi nyepesi inayoyeyuka kwa asetoni, akaufunika kwa karatasi laini yenye maji, kisha vipande vya gunia vilivyolowekwa kwenye plasta. Plasta ilipokauka, mfupa ulitolewa pamoja na mwamba wake. Familia nzima ilikuwepo, na majirani wengi. Nadhani hilo lilizima uvumi kuliko maonyo yote: watu waliona kwa macho kilichotoka, nacho hakikuwa dhahabu.

Lilikuwa taya la chini la jamaa wa kale wa pimbi. Wapo waliovunjika moyo, maana walitarajia fuvu la binadamu wa kwanza. Lakini pimbi wa enzi hizo walikuwa wa aina nyingi na wa maumbo mbalimbali, na taya lenye meno mfululizo hueleza mengi kuhusu aina ya mnyama, umri wake alipokufa na majani aliyotafuna.

Vipande viwili kati ya vile vitatu viliungana na cha nne barabara. Cha tatu, kile kilicholala kwenye siki, hakikuungana. Ukingo wake ulikuwa umelika kiasi kwamba haikuwezekana kuthibitisha kilitoka kwenye taya hilohilo, ingawa kila mmoja aliyekuwepo aliamini hivyo. Kiliandikwa peke yake, na alama ya shaka.

Uchambuzi

Nianze na ulanga, kwa sababu ndio ulioleta vurugu, na ndio ulio na somo kubwa kuliko yote.

Vijana waliona kitu kinachometa, wakadhani ni dhahabu. Kuvitofautisha ni rahisi: chukua ncha ya sindano na ubonyeze. Ulanga hubanduka vibamba vyembamba, dhahabu hubonyea bila kubanduka. Hata hivyo ulanga ule mweusi una thamani yake, ila si ya sokoni. Ndani yake mna potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo hubadilika polepole kuwa gesi ya argoni, kwa mwendo unaojulikana. Volkano inapolipuka, fuwele za ulanga huanza upya zikiwa karibu hazina gesi hiyo. Ukipima argoni iliyokusanyika, unapata umri wa majivu. Ndivyo majivu ya Koru na Songhor yalivyojulikana kuwa na umri wa karibu miaka milioni 20. Kwa hiyo lile tabaka lililobebwa kwenye magunia lilikuwa ndiyo saa ya taya. Na saa hiyo inasoma tu ikiwa tunajua mfupa ulilala wapi: juu ya tabaka, chini yake au ndani yake. Mchoro wa mtoto ulijibu swali hilo kabla ya mtaalamu yeyote kufika. Nauhesabu kuwa jambo bora lililofanyika katika kisa hiki chote, bora kuliko hata kazi ya plasta.

Ukilinganisha na karai la kibarazani, tofauti inauma. Mle mna konokono wazuri kuliko wengi niliowahi kuwaona, na kile kisu cha kioo cha volkano. Lakini mawe ya korongoni yamechanganyika na ya shambani juu, na mengine yaliletwa na wageni kama zawadi. Miaka mingi ya kuinama na kuokota, kwa upendo wa kweli, na hakuna hata moja linaloweza kusema limetoka wapi. Simlaumu Mzee. Hakuna aliyewahi kumwambia, na shule alizosoma hazikufundisha. Ila wewe unayesoma hapa, tafadhali anza leo. Kila jiwe namba yake, na daftari moja. Andika tarehe, nani kaliokota, mahali kwa kupima kutoka kitu kisichohama, na kama lilikuwa limelala huru juu ya udongo au limo bado ndani ya mwamba. Simu nyingi zina uwezo wa kuonyesha namba za mahali kwenye ramani (GPS), zinukuu. Piga picha na sarafu kando ili ukubwa uonekane. Namba iandikwe kwa wino juu ya doa dogo la rangi nyeupe upande usio na umuhimu, na kikaratasi chenye namba hiyohiyo kiwekwe ndani ya mfuko.

Usafishaji ulikuwa kosa lenye hasara ya kudumu. Siki ni asidi. Huyeyusha chokaa, na mfupa ulioshikamana na chokaa hauokoki. Ni kweli maabara nazo hutumia asidi ya aina hiyohiyo, lakini huizimua sana, huupaka mfupa gundi ya kuukinga kila unapojitokeza, na huuosha kwa maji muda mrefu ili chumvi zisibaki ndani na kuupasua baadaye. Brashi ya waya nayo ilikwaruza meno. Mikwaruzo midogo ya asili juu ya jino hutumiwa kujua mnyama alikula nini. Ikishafunikwa na ya brashi, habari hizo zimepotea. Vanishi ndiyo iliyosumbua zaidi kuondoa, kwani iliingia kwenye vitundu. Mkulima akiwa na brashi ya mswaki laini na maji kidogo kwa mawe magumu tu, inatosha. Mfupa au kitu kinachopukutika kisiguswe na maji kabisa. Kizungushiwe karatasi ya tishu, kiwekwe mkebeni.

Picha za WhatsApp sitaki kuzilaani moja kwa moja, kwa kuwa bila hizo Mwalimu asingejua. Kilichodhuru ni ramani. Picha ya mfupa juu ya meza inaweza kwenda popote; mahali ulipotoka pasiende kwa yeyote isipokuwa wanaopaswa kutaarifiwa.

Kuna pia neno kuhusu panga lililogoma. Mzee alikiacha kipande cha nne akiwa na nia ya kurudi na patasi, si kwa sababu ya hekima ya uhifadhi. Angerudi na patasi, kisa hiki kingekuwa kifupi. Lakini lile shauri lake la "kisivunjike" lilitoka kwenye tabia ya mtu anayejali vitu, na tabia hiyo ndiyo iliyofanya ushauri wa baadaye usikike. Nimeona mashamba ambako mwenye mali hajali, na huko hata maelezo mazuri namna gani hayasaidii.

Mwisho, nafasi ya Nyanya. Karibu kila kikao changu na familia hiyo kilipangwa na wanaume, na uamuzi uliookoa kisa ulitoka kwa aliyekuwa hajaalikwa. Ningepanga upya leo, ningeanza na yeye na mjukuu wake.

Hali ilivyo sasa

Taya liko kwa wataalamu. Karai la Mzee limepelekwa shule ya sekondari, ambako Mwalimu anawafundishia wanafunzi kutambua aina za mawe. Kila jiwe limeandikwa "mahali hapajulikani", maneno ambayo Mzee mwenyewe aliyataka yaandikwe. Kile kisu kilikabidhiwa pamoja na taya. Mkusanyiko mpya umeanza kwa daftari, na unahusu mawe ya kawaida tu; kikionekana kitu chenye sura ya mfupa, jino au jani, hakiokotwi, Chifu na Mwalimu hupigiwa simu.

Korongo ni suala ambalo halijatatuliwa. Familia inataka kupanda matete kuzuia mmomonyoko, na wana haki, maana kila msimu wanapoteza ardhi ya mahindi. Wataalamu wangependa ukuta ubaki wazi. Kwa sasa wamekubaliana kupanda upande wa juu na kuacha hatua thelathini za ukuta bila kitu, zikikaguliwa baada ya kila mvua kubwa. Jirani mwenye tanuri la chokaa naye amekubali wafanyakazi wake watenge kando jiwe lolote lenye konokono au mfupa kabla ya kupakia moto, kwa sharti kwamba ukaguzi ufanyike siku ya Jumapili, ambapo tanuri halifanyi kazi.